Nilimwandikia bibi "please return", akarudisha mixer badala ya kurudi

Wakuu, niaje nyote.

Hii story nimekaa nayo wiki tatu nikijiuliza kama nitaiweka hapa ama nitazikwa nayo. Sijaongeza chumvi. Bibi yangu ameisoma kabla niipost, akatoa paragraph mbili na kuandika moja yake mwenyewe. Kwa hivyo mkipata mahali nimejisifu, hapo hakuona. Mahali nimeonekana mjinga, hapo ameacha makusudi.

Wale wa "fupisha mkuu", wekeni chai. Haifupishiki.

Nianzie kazini.

Mimi nafanya kazi kwa duka la vitu za umeme za nyumbani hapa town, zile barabara za nyuma ya Biashara Street. Blender, pasi, kettle, rice cooker, mixer za keki. Mbele kuna wasichana watatu wanauza wakitabasamu. Nyuma kabisa, karibu na choo, kuna kaunta ndogo iko na kibao chekundu kimeandikwa RETURNS.

Hapo ndipo nimekaa miaka tisa.

Hakuna mtu hukuja kwa kaunta yangu akiwa na furaha. Nimeshaletewa blender imejaa maharagwe mabichi, mwenyewe anasema "inasound vibaya". Nimeletewa pasi na suruali imegandia chini yake, jamaa anataka nimpatie pasi mpya na suruali mpya. Kuna mama alileta kettle akasema haina makosa yoyote, ni vile tu dada yake amenunua kubwa.

Yote hiyo tunaita return. Kitu yenyewe ni return, fomu ni return, shelf ya kuiweka ni ya returns. Hata mimi naitwa Return. Boss akinitaka mbele anaita tu, "Return!", naenda.

Boss wetu ni mama Mhindi, Mama Hansa. Mjane, miaka sitini na kitu, amezaliwa hapa hapa Nairobi na duka ilianzishwa na babake. Kabla hajashika duka alikuwa amefundisha English primary miaka kumi na mbili, na ualimu haujawahi kumtoka. Ukibandika notisi kwa ukuta na spelling imeenda, anatoa kalamu nyekundu anaku-mark hapo hapo mbele ya wateja.

Sasa twende nyumbani.

Bibi yangu ni Wangari. Tunaishi Dagoretti Corner, one bedroom, floor ya nne, hakuna lift. Yeye ni receptionist kwa kliniki ya meno Kilimani, na wikendi anaoka keki za order.

Kwao ni Kinoo. Tulienda mahari ya kwanza mwaka jana. Kila mtu alikuwa ameniambia nijipange, baba yake ni mgumu, ameshatoa machozi wajomba wa watu. Lakini siku hiyo mzee alikuwa mpole ajabu. Wazee wake wakianza kunihoji, anawanyamazisha. Akaniletea kiti yenye mto. Nikarudi nyumbani nikijua huyu mzee amenipenda tu, kuna watu wana nyota.

Ngoja. Tutafika hapo.

Mwezi wa sita ni birthday ya Wangari. Alikuwa anachanganya keki na mwiko, mkono unamuuma mpaka kazini anashindwa kushika kalamu. Na kwa shelf yangu kulikuwa na mixer kubwa, ile ya kusimama na bakuli yake, mteja ameirudisha akisema imekufa. Nikaifungua. Kumbe ni waya mmoja tu ulikuwa umechomoka ndani ya plug, na kamkono kameregea kidogo. Nilitumia lunch hour tatu kuitengeneza. Ikalia vizuri kuliko mpya.

Kwetu kitu ikishakuwa return hairudi kwa shelf ya mbele. Wafanyakazi tunauziwa kwa bei ya chini. Nikaichukua, nikaipangusa, nikatafuta carton safi, nikafunga na karatasi ya maua.

Alhamisi jioni nikampatia. Wakuu, alilia. Alinishika shingo akiwa amebeba bakuli kwa mkono mwingine.

Ijumaa asubuhi akaigeuza aipanguse chini.

Sticker.

Nilikuwa nimesahau sticker! Nyekundu, saizi ya kiganja, imeandikwa na mkono wangu mwenyewe: RETURNED, FAULTY. Na sahihi yangu hapo chini, safi kabisa.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Hiyo ni... mambo ya stock tu."

"Hii ni handwriting yako."

Nikainama kufunga viatu.

"Yaani birthday yangu umeniletea kitu mtu mwingine amekataa?"

Hapo ndipo ningemwambia kuhusu waya na zile lunch hour tatu. Lakini nilikuwa nimechelewa kazi, nimeshikwa nikidanganya, na mwanaume akishikwa hivyo anatafuta kukasirika kwanza. Nikasema, "Kama huitaki sema, nitairudisha duka."

Akaiweka chini polepole. Akaniangalia.

"Siku moja nitajigeuza kwa kioo nipate umenibandika hii sticker mgongoni."

Mimi nikacheka. Nilidhani ni joke.

Kama kuna kijana hapa hajaoa, andika hiyo mahali. Hapo hapachekwi.

Jioni nimefika nyumbani, hayuko. Karatasi kwa fridge: "Nimeenda kwa mum. Chakula iko." Leave yake ya wiki moja ilikuwa inaanza siku hiyo. Na pale juu ya meza ya jikoni mixer haiko. Nilijua kwa nini. Akina mama wa kanisa la kwao walikuwa na sherehe Jumapili na Wangari alikuwa na order ya keki tatu kubwa. Hasira ni hasira na order ni order.

Sikujali mixer, mjue hivyo. Hata ningeikuta imetupwa kwa ngazi ningeiruka niende kumtafuta yeye.

Jumamosi asubuhi, kazini, nikaanza kuandika message. Nikaandika ndefu, nikafuta. Nikaandika nyingine nikieleza waya na plug, nikaona nasomeka kama fomu ya warranty, nikafuta.

Sijui nyinyi, lakini mimi kuomba msamaha kwa Kiswahili ni kama kuvua shati mbele ya watu. Kwa English unaweza kusema sorry na koti bado umevaa.

Mwishowe nikatuma hii, naiweka kama ilivyokuwa:

"Nimekosa. Please return."

Nikaisoma mara tatu. Fupi, ya mwanaume, iko na heshima. Nikajipongeza.

Baada ya dakika ishirini akajibu: "Sawa."

Wakuu! Nilitoka kazi saa saba nikiruka. Nilinunua nyama ya mbuzi, dhania, mpaka maua, na mimi sijawahi kununua maua. Nikapiga deki. Nikabadilisha shuka. Nikavuta fridge nikaosha nyuma yake, mahali hata Wangari mwenyewe hajawahi kuona.

Saa kumi hivi mlango ukagongwa. Nikajitengeneza kola, nikafungua.

Ni jamaa wa boda, amebeba carton.

"Ni wewe wa mixer?"

"Mixer gani?"

"Madam wa Kinoo amesema ni yako. Mahali pa kuweka?"

Nikaingiza carton, nikafungua. Mixer imeoshwa inang'aa. Waya umekunjwa na kufungwa na uzi. Ndani ya bakuli kulikuwa na sweta yangu alikuwa amevaa akienda, imekunjwa, charger yangu, na juu ya hizo zote, funguo yake ya nyumba. Na kikaratasi: "Imerudi. Nimeiosha."

Nimekaa kwa ile kaunta miaka tisa na kuna kitu najua. Mtu anayeleta kitu ikiwa chafu, bado anataka kubishana. Anapiga kelele, anataka manager, na mwishowe anarudi nayo nyumbani. Yule analeta kitu imeoshwa, imekunjwa, na kila accessory yake ndani, huyo ameshaamua. Huyo huwezi kumbadilisha.

Nilikaa kwa kochi nikiangalia hiyo funguo mpaka nyama ikaanza kuungua.

Sikupiga simu. Niliona mtu ameshaondoka, nitapiga nimwambie nini? Jumapili nilikula mkate mkavu. Simu yake haikuingia, na yangu haikutoka.

(Hapa Wangari ameweka paragraph yake. Sijagusa neno.)

Mimi ni Wangari. Hajawaambia vile message ilinipata. Nilikuwa katikati ya keki ya pili, mayai kumi na mbili yameshavunjwa, mum na akina mama wanne wako jikoni. Simu inalia, nafungua na kidole iko na unga, nasoma "Nimekosa. Please return." Yaani amefika nyumbani, ametafuta mixer, ameikosa, anaitaka. Na si Ijumaa alikuwa amesema atairudisha duka? Nikazima mixer hapo hapo. Hizo keki zingine tulizipiga na mwiko tukipokezana, na kila mama aliyechoka alitaja jina la bwana yangu akimpatia mwenzake mwiko. Keki ya tatu ilikaa katikati kama kitanda ya zamani. Asanteni.

(Mwisho wa Wangari.)

Jumatatu nikaenda kazi nikiwa mwili tu. Jamaa mmoja akaja kwa kaunta kurudisha kettle, akaweka flask yake ya chai kando atafute risiti kwa mfuko. Mimi nikachukua sticker, nikaandika RETURNED, FAULTY, nikabandika kwa flask. Nikaiweka kwa shelf.

Jamaa alipiga kelele mpaka wasichana wa mbele wakakuja. Mama Hansa naye akaja.

"Return! Wewe iko na nini leo?"

Akanipeleka ofisi yake, ile ndogo inanukia ubani, akamimina chai, akakaa akiningoja. Huyo mama akikungoja hivyo utasema tu. Nikamwambia yote, nikampatia simu.

Akavaa miwani yake ya mnyororo. Akasoma. Akasoma tena. Akachukua kalamu nyekundu, halafu akakumbuka ni simu, akaiweka.

"'Nimekosa.' Umekosa nini?"

"Nimemkosea, Mama. Yaani naomba msamaha."

"Hiyo ni nimekukosea. Hapa umesema nimekosa. Mimi nikitafuta hii miwani na sioni, nasema nini?"

Nikafikiria.

"Unasema umeikosa."

"Nasema nimekosa. Nimetafuta, haiko." Akagonga screen na ukucha. "Sasa twende mbele. 'Return.' Return nini?"

"Arudi."

"Nimeuliza return nini. Hii verb iko na njia mbili. Moja, mtu anatembea na miguu yake anakuja. Ingine, mtu anabeba kitu anapeleka. Ukiandika kitu, msomaji anajua. Kama hujaandika, msomaji anaangalia mkono yake, amebeba nini. Yeye alikuwa amebeba nini?"

Nikaweka kikombe chini.

"Mixer."

"So."

Akanirudishia simu. "Spelling iko sawa. Meaning, zero."

Nikataka kuandika message nyingine pale pale. Akanishika mkono. "Hapana! Wewe usiandike kitu tena. Enda. Mimi nitakaa kwa kaunta."

Na alikaa kweli. Niliambiwa baadaye kwamba mchana huo wote hakuna return hata moja ilikubaliwa. Watu walikuwa wanaulizwa maswali mpaka wanajionea wenyewe kitu haina shida.

Nikapitia nyumbani kuchukua carton, nikaenda Kinoo.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Hii ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Wale mko Kenya mnajua mwisho wa Juni kila mtu anaambiwa afile returns za kodi, zile fomu za kuambia serikali umepata pesa ngapi, kabla deadline. Cyber zote zinajaa, watu wanakimbia kama wamemwagiwa maji. Mimi nilikuwa nimefile mapema, kwa hivyo hiyo mambo haikuwa kwa akili yangu hata kidogo.

Baba Wangari yeye ni landlord. Ana nyumba za kupangisha, laini mbili, hapo ndani kidogo ya Waiyaki Way, na ng'ombe wawili. Nikampata kwa gate na wheelbarrow ya napier, yale majani ya ng'ombe. Mimi niko na shati nyeupe ya kazi, badge ya duka kwa shingo, carton mkononi. Jasho.

"Baba, habari yako. Natumai mko salama."

"Tuko." Akaangalia badge. Akaangalia carton. "Ni nini imekuleta siku ya kazi?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri sana. Yote yakapotea.

"Baba, nimekuja juu ya ile return."

Aliachilia wheelbarrow, napier ikamwagika.

"Return gani?"

"Ile ya Saturday. Kulikuwa na makosa. Lakini ni makosa inaweza kurekebishwa, kama tutakaa chini tuongee."

"Nani amekutuma?"

Sikutaka kumdanganya mzee. "Kusema ukweli, Baba, ni boss. Ameangalia yeye mwenyewe, na kalamu nyekundu. Amesema ni zero."

Mzee akashika gate.

"Hizo nyumba hazina watu," akasema.

Sikuelewa. "Nyumba gani, Baba?"

"Hizo. Zimekaa tu. Hakuna mtu."

Wakati huo huo mlango wa moja ya hizo nyumba ukafunguka, akatoka dada mmoja na beseni ya nguo. "Mzee, maji imepotea tena."

"Huyo ni mgeni," mzee akaniambia.

"Mgeni miaka sita?" dada akauliza.

Mzee akaelekeza kidole kwa carton. "Na hiyo mashine ya risiti za kodi usiiingize kwa boma yangu. Nimesikia ukishawekewa hiyo, imeisha."

"Baba, hii ni ya Wangari."

"Umemwandikisha hadi Wangari?!"

Hapo sauti ilikuwa imepanda. Mama Wangari akatoka jikoni akipangusa mikono na leso, na nyuma yake akatoka Wangari. Niliona uso wake na nikasahau hata kuna kodi duniani. Amesuka mpya. Alikuwa amelia siku si nyingi, hiyo naijua kwa macho yake.

"Baba, kwani ni nini?" akauliza.

"Bwana yako ametumwa na serikali."

Wangari akaniangalia. Akaangalia carton. Akaangalia baba yake. Nikaona mdomo unamcheza.

"Baba. Huyu si mtu wa kodi."

"Si ulituambia anafanya kazi ya returns, town?"

"Returns za duka, Baba. Watu wakiharibu blender wanamrudishia."

Yule dada wa beseni hakuwa ameenda, alikuwa amekaa kwa ngazi akifuata kila neno.

Mzee akanigeukia. "Wewe si wa serikali?"

"Hapana, Baba. Mimi ni wa blender."

"Kutoka lini?"

"Miaka tisa."

Nilimuona akirudi nyuma kwa akili, siku ya mahari, ile kiti yenye mto, wale wazee alikuwa akiwanyamazisha, mbuzi alizosema "hizo si haraka, kijana".

"Kwa hivyo ile siku..." akaanza.

"Ile siku nini, Baba?"

"Hakuna."

Mama Wangari alikuwa ameshika ukuta akicheka bila sauti, mabega tu. Alipopata pumzi akasema, "Mimi nilijua kutoka siku ya kwanza. Nilinyamaza. Kila mkisema mnakuja, huyu mzee anakuwa mpole wiki mzima. Anakunywa chai bila kulalamika sukari. Nani angetaka kuharibu hiyo?"

Mzee akaokota napier yake, moja moja, akaenda zake kwa ng'ombe. Akifika kona akasema bila kugeuka, "Hiyo mahari bado tutaiongea."

Mama Wangari akamwita dada wa beseni waende waangalie maji. Wangari na mimi tukabaki nyuma ya jikoni, tumekaa kwa kreti za soda, carton katikati yetu.

Nikatoa simu, nikamsomea message yangu kwa sauti. Nikamwambia vile nilimaanisha. Akachukua simu akasoma mwenyewe.

"Mimi nilidhani unataka kitu yako," akasema.

"Nilitaka wewe."

"Si ungesema rudi?"

"Nilisema return."

"Kiswahili iko na rudi, na iko na rudisha. Kikuyu pia inazo zote mbili. Uko na lugha mbili zinaelewa hiyo mambo na ukaenda kutafuta ile ya tatu."

Nikachukua simu, nikaiweka kwa mfuko.

"Na funguo?" nikauliza. "Kwa nini uliweka funguo?"

"Nilitaka uipate uniulize. Nilijua ukiiona utapiga simu. Nilikaa na simu Jumapili yote, hata kanisani niliishika."

"Mimi pia nilikaa na yangu."

"Basi tulikuwa tunafanya nini?"

Nikamwambia kuhusu sticker. Nikamwambia waya ulichomoka wapi, kamkono nilikakaza vipi, na zile lunch hour tatu nilikaa kwa shelf na bisibisi bila kula. Nilidhani atalainika. Alikasirika zaidi.

"Hiyo ndiyo hukuniambia? Unajua nimevaa mitumba maisha yangu yote. Unafikiri nina shida na kitu ya mtu mwingine? Wewe ulifunga na karatasi ya maua ndio nisiulize. Ungeniletea tu hivyo, na sticker yake, useme nimekaa njaa siku tatu nikikutengenezea. Mimi ningeonyesha kliniki mzima."

Wakuu, hapo ndipo nilivua shati, yaani kwa maneno. Nilisema kwa Kiswahili, bila sorry hata moja. Nikamwambia nimekukosea, nilikuficha, na ulipoumia nikacheka. Nikamwambia ile nyumba siwezi kukaa ndani yake peke yangu, nimeosha mpaka nyuma ya fridge na bado haikaliki. Nikasema, "Rudi. Wewe mwenyewe. Na miguu yako. Usibebe kitu."

Akaanza kucheka, halafu akalia, halafu akapangusa uso na apron akaacha unga kwa paji la uso. Nilimpatia funguo. Akaiweka kwa mfuko wa apron.

"Leo sirudi," akasema.

Nikaanza kusimama.

"Niko kwa leave na mum amenipatia order mbili. Na bado niko na hasira kidogo, si nyingi, acha iishe huku. Nitakuja Saturday."

"Na mixer?"

"Mixer inabaki hapa, nafanya nayo kazi. Wewe ndio unaenda."

Nikaenda. Mzee alinisindikiza mpaka gate. Pale gate akaniuliza polepole, akiangalia kando, kama kwa miaka hiyo tisa nimewahi angalau kusikia vile watu wanafile ile return ingine. Nikamwambia aende cyber yoyote kabla wiki iishe, si ngumu, na yule dada wa beseni amhesabu kama mpangaji. Akaguna.

Jumamosi niliamka mapema nikakaa kwa dirisha. Saa sita na nusu nikasikia viatu vyake kwa ngazi. Mimi navijua. Anapumzika floor ya tatu kila siku, anashika reli, anasema "Yesu", halafu anamalizia. Nilifungua mlango kabla afike.

Akaingia, akaweka begi chini, akaangalia nyumba yote.

"Umekula?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja."

"Mimi pia sijakula. Twende chini kwa yule mama wa chapati, sitaki kupika na sitaki upike."

Tukashuka tena zile floor nne. Njiani hatukuongea kitu ya maana, alikuwa ananieleza ng'ombe moja ya kwao imegoma kukamuliwa. Nilikuwa sijawahi kusikiliza habari ya ng'ombe hivyo.

Basi, nilichojifunza ni kidogo tu. Kama una mtu wako na mmekosana, mwandikie kwa ile lugha mnatumia mkigombana. Usiende kukodi ingine kwa sababu inakaa na heshima. Na ukiwa umefanya kitu kizuri, sema. Na ukiwa umefanya kitu kibaya, sema pia, hata kama kuna watu wanaskia.

Sasa nataka kusikia zenu. Nani hapa ametuma message fupi ikamletea shida ndefu? Neno gani? Na ilitatuliwa vipi, ama bado uko kwa kochi?

Wale mnaandika "si ungepiga simu tu mkuu", tulieni. Wangari amekaa hapa kando yangu na ameshaisema mara nne tangu nianze kutype.